Timu zikilingana pointi La Liga (ligi kuu ya Hispania), nani anakaa juu? Tunataka kanuni hiyo kwa ligi yetu

Winga wa Walukuba (Jinja)

Habari zenu wapenzi wa mpira. Kamati yetu inaandaa ligi ya mtaa ya timu 10, kila timu inakutana na mwenzake mara mbili. Kwenye rasimu ya kanuni tumeandika hivi: "Timu zikilingana pointi, itatumika kanuni ya La Liga." Sentensi hiyo haitoshi, maana wajumbe wenyewe hawaielewi sawa. Wengine wanasema ni tofauti ya mabao (ya kufunga ukitoa ya kufungwa), wengine wanasema ni nani alimfunga nani.

Naomba anayeijua aeleze hatua kwa hatua. Kwanza inaangaliwa nini, halafu nini, na waliolingana wakiwa watatu inakuwaje? Jambo jingine ni jedwali la kwenye simu. Katikati ya msimu apu moja inaweka timu juu, apu nyingine inaiweka chini, na pointi ni zilezile. Nani anakosea? Na je, mnaona kanuni hii inatufaa sisi wenye uwanja mmoja tu, au tuiache?

Beki Tatu (Arua)

Ndugu Winga, wanaosema nani alimfunga nani ndio wako sawa. Hispania haianzi na mabao ya msimu mzima, inaanza na mechi mbili ambazo timu hizo zilicheza zenyewe kwa zenyewe. Uingereza ndiyo inayoanza na tofauti ya mabao ya jumla, na kwa kuwa wengi wetu hapa Uganda tumekulia kwenye ligi ya Uingereza, tunadhani dunia nzima inahesabu hivyo. Manchester City na Manchester United walimaliza msimu wa 2011-12 na pointi 89 kila mmoja, City akachukua kombe kwa tofauti ya +64 dhidi ya +56. Hilo ndilo lililobaki vichwani mwa watu.

Kwa timu mbili hesabu ya Hispania ni fupi. Chukua mechi zao mbili, jumlisha mabao ya kila upande, mwenye mengi anakaa juu. Huhitaji hata kuhesabu pointi za mechi hizo, kwa sababu jibu haliwezi kutofautiana: aliyeshinda zote mbili lazima ana mabao mengi, aliyeshinda moja na kutoka sare moja naye ni hivyohivyo, na wakigawana ushindi basi ni mabao tu yanayobaki kuamua. Bao la ugenini halina uzito wa ziada. Wajumbe wako waambiwe hilo mapema, kwani wapo watakaolichanganya na kanuni ya zamani ya mashindano ya mtoano ya Ulaya.

Mechi hizo mbili zikisawazika kabisa, ndipo unakwenda kwenye tofauti ya mabao ya msimu mzima. Ikilingana nayo, unaangalia nani amefunga mabao mengi msimu mzima. Hapo pia wakilingana, zinahesabiwa alama za nidhamu, yaani kadi. Na zikilingana hadi hapo, inachezwa mechi moja kwenye uwanja usio wa yeyote kati yao.

Mfano bora ni msimu wa 2006-07. Real Madrid na Barcelona walimaliza na pointi 76 kila mmoja. Barcelona ilikuwa imefunga 78 na kufungwa 33, tofauti +45. Real Madrid ya Fabio Capello ilikuwa imefunga 66 na kufungwa 40, tofauti +26. Kwa hesabu ya Uingereza kombe lilikuwa la Barcelona, tena kwa mbali. Lakini mechi zao zilikuwa hivi: Bernabéu, uwanja wa Real, Real ilishinda 2-0, Camp Nou, uwanja wa Barcelona, ikawa 3-3, ile ambayo Messi alifunga yote matatu. Jumla 5-3, bingwa Real Madrid.

Angalia pia namna hali hiyo ilivyobadilisha siku ya mwisho, tarehe 17 Juni 2007. Barcelona ilimfunga Gimnàstic 5-1 ugenini, na hata ingeshinda 10-0 isingesaidia kitu maadamu Real nayo inashinda. Real ilikuwa nyuma 1-0 nyumbani dhidi ya Mallorca hadi kipindi cha pili. Reyes akasawazisha, Mahamadou Diarra wa Mali akafunga la pili, Reyes akaongeza la tatu. Sare tu ingempa Barcelona kombe.

Ukitaka mfano wa kugawana ushindi, chukua 1993-94. Deportivo La Coruña na Barcelona walikuwa na pointi 56 kila mmoja (wakati huo ushindi ulikuwa pointi 2). Deportivo ilishinda kwake 1-0, Barcelona ikashinda kwake 3-0. Jumla 3-1, kombe likaenda Barcelona. Ndiyo siku ile Đukić wa Deportivo alikosa penalti dakika za mwisho dhidi ya Valencia. Angefunga, hesabu hii yote isingehitajika.

Takwimu (Mbarara)

Beki Tatu amemaliza ya timu mbili. Ya timu tatu ndiyo inayowatoa watu jasho, na hapo ndipo kamati nyingi hukosea.

Zikilingana timu tatu au zaidi, unatengeneza jedwali dogo. Unatoa timu nyingine zote kwenye hesabu, unabaki na mechi za hao watatu tu. Watatu wakikutana mara mbili mbili ni mechi 6, kila timu imecheza 4. Unahesabu pointi za mechi hizo 4. Zikilingana, tofauti ya mabao ya mechi hizohizo. Zikilingana tena, tofauti ya mabao ya msimu mzima, kisha mabao yaliyofungwa msimu mzima, kisha nidhamu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu huiruka. Hatua yoyote ikimtenga mmoja, huyo anaondolewa, na waliobaki wanaanza upya kulingana na idadi yao. Wakibaki wawili, wanarudi kwenye kanuni ya timu mbili. Hawaendelei na lile jedwali dogo la watatu.

Tuseme A, B na C wamelingana, na matokeo yao ni haya (mwenyeji ametajwa kwanza):

A–B 2-1
B–A 1-0
A–C 1-1
C–A 0-0
B–C 3-1
C–B 3-0

Pointi za jedwali dogo: B ana 6, A ana 5, C ana 5. B anakwenda juu, amemaliza. Wamebaki A na C. Aliyezoea njia ya mkato ataangalia tofauti ya mabao ya jedwali dogo: C amefunga 5 na kufungwa 4, ni +1, A amefunga 3 na kufungwa 3, ni 0. Atamweka C juu ya A. Amekosea. B ameshatoka, kwa hiyo zinaangaliwa mechi za A na C peke yake: 1-1 na 0-0. Hakuna mshindi. Basi unakwenda msimu mzima. Kama A ana +14 na C ana +9, A ndiye wa pili. Tazama lile +1 la C lilikotoka: limetoka kwa B, na B hayumo tena kwenye ugomvi huu.

Kwa La Liga yenyewe, angalieni mkiani mwa 2022-23. Cádiz, Getafe na Valencia wote walimaliza na pointi 42. Tofauti za mabao: Valencia -3, Getafe -11, Cádiz -23. Msimamo rasmi ukawa Cádiz wa 14, Getafe wa 15, Valencia wa 16. Umepinduliwa kabisa ukilinganisha na tofauti ya mabao! Sababu kubwa ni kwamba Cádiz ilimfunga Valencia nyumbani na ugenini. Mwaka huo Almería ilinusurika na pointi 41, Valladolid ikashuka na 40. Laiti ushindi mmoja tu mkiani ungebadilika, mechi baina ya waliolingana ndizo zingeweza kuamua nani anashuka daraja.

Na hata msimu wa 2024-25, ambao Barcelona alichukua kwa pointi 88 dhidi ya 84 za Real Madrid, kileleni hakukuwa na cha kuhesabu. Katikati kulikuwa nacho: Rayo Vallecano na Osasuna walikuwa na 52 kila mmoja, Rayo akawa wa 8 na kwenda Ulaya, Osasuna akawa wa 9 na kubaki nyumbani.

Winga wa Walukuba (Jinja)

Asanteni sana. Hilo la kuanza upya hatukulijua kabisa, na bila shaka tungekosea. Bado lile la simu. Na hizo alama za nidhamu zinahesabiwaje?

Saa Tano Usiku (Kampala)

Nijibu la simu. Hakuna anayekosea, wanahesabu kwa wakati tofauti.

Kanuni ya mechi baina yao inaanza kufanya kazi pale tu zinapokuwa zimechezwa zote mbili. Kabla ya hapo, jedwali linapangwa kwa tofauti ya mabao ya jumla, kwa sababu si haki kumpa mtu nafasi kwa mechi moja aliyocheza kwake huku ya ugenini ikimsubiri. Apu nzuri inabadilisha mpango mara tu jozi inapokamilika. Apu nyingine inabaki na tofauti ya mabao hadi msimu uishe ndipo irekebishe. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Mei utaona majedwali mawili yanayopingana. Ukitaka uhakika, tafuta matokeo ya mechi mbili za jozi hiyo uhesabu mwenyewe, ni dakika moja.

Kuna jambo linaloongeza mkanganyiko. Ratiba ya sasa ya La Liga haifuati mpangilio uleule katika mzunguko wa pili. Anayekutana naye raundi ya 3 si lazima mrudiane raundi ya 22. Jozi moja inaweza kukamilika mapema, nyingine ikasubiri hadi Mei. Jedwali moja linakuwa na jozi zilizokwishaamuliwa na ambazo bado.

Nidhamu: kadi ya njano alama 1, kutolewa kwa njano mbili alama 2, nyekundu ya moja kwa moja alama 3. Viongozi wakifungiwa na mashabiki wakifanya fujo kuna alama kubwa zaidi, kuanzia 5. Mwenye alama chache anakaa juu.

Kwa wanaofuatilia kutoka hapa, jambo la saa nalo lina watu linaowapoteza. Sisi hatubadilishi saa, Hispania inabadilisha. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi wako nyuma yetu saa mbili, miezi mingine saa moja. Mechi yao ya saa tatu usiku kwetu ni saa tano usiku wakati wa baridi yao, na saa nne usiku Agosti, Septemba, Aprili na Mei. Mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira akibandika tangazo la Machi bila kuangalia tarehe hiyo, watu watafika kipindi cha pili.

Raundi za mwisho, mechi zenye maslahi ya ubingwa, Ulaya au kushuka huanza kwa wakati mmoja, ili asiwepo anayeingia uwanjani akijua mwenzake amepata nini. Hii inakwenda pamoja na kanuni ya kulingana pointi, si mapambo. Kumbukeni 17 Mei 2014: Atlético Madrid alikwenda Camp Nou akiwa na 89, Barcelona 86. Mechi ya kwanza ilikuwa 0-0. Maana yake ushindi wowote wa Barcelona, hata 1-0, ungewafanya walingane na kombe libaki Camp Nou. Tofauti ya mabao haikuwa na kazi siku hiyo, na kila mchezaji alilijua hilo. Alexis Sánchez alifunga kwanza, Godín akasawazisha kwa kichwa dakika ya 49, Atlético wakailinda sare hadi filimbi. Diego Costa na Arda Turan walikuwa wameshatoka kwa majeraha kabla ya mapumziko.

Kocha wa Vijana (Soroti)

Nawaheshimu wote, lakini kwa ligi ya mtaa mimi ningebaki na tofauti ya mabao. Mechi baina yao inazipa mechi mbili uzito kupita mechi 16 nyingine. Mkiwa timu 10, kila timu inacheza mechi 18. Timu inaweza kucheza vizuri miezi mitano, ikapoteza siku moja kwa sababu kipa mkuu yuko kwenye mitihani, na siku hiyo ndiyo ikaamua kombe. Pia tofauti ya mabao inawafanya vijana waendelee kushambulia hata wakiongoza 3-0. Na kila mtu anaielewa bila kuelezwa.

Beki Tatu (Arua)

Kocha, hoja yako ya kueleweka kwa urahisi naikubali. Lakini tazama kinachotokea kwenye ligi ndogo. Timu ya mkiani ikikata tamaa inaleta wachezaji wanane, inafungwa 12-0. Aliyekutana nayo kabla haijakata tamaa alishinda 2-1. Hao wawili wakilingana pointi, mmoja amepewa faida ya mabao kumi na moja ambayo hakuyatolea jasho zaidi ya mwenzake. Kwenye La Liga hali hiyo si kubwa sana, kwenye ligi ya mtaa ni kubwa mno. Halafu kuna jambo baya zaidi: tofauti ya mabao inaweza kununuliwa. Timu isiyo na cha kupoteza inaweza kujiachia kwa rafiki yake siku ya mwisho. Mechi za waliolingana haziwezi kununuliwa kwa mtu wa tatu, wao wenyewe ndio waliocheza.

Na timu ikijitoa katikati ya ligi? Mkitumia tofauti ya mabao na mkafuta matokeo yake, msimamo wote unayumba, maana mmoja anapoteza mabao 8 na mwingine mabao 2. Mkitumia mechi baina yao, kufuta timu nyingine hakugusi chochote kati ya waliolingana. Kwangu hiyo peke yake inatosha.

Takwimu (Mbarara)

Naungana na Beki Tatu, ila Kocha amegusa udhaifu wa kweli: mechi moja isiyo ya kawaida inaweza kubeba msimu. Na mechi isiyo ya kawaida kuliko zote ni ile ambayo timu haikufika. Ushindi wa mezani wa 3-0 ukiingia kwenye mechi baina yao, unaamua kombe bila mpira kupigwa. Kwa hiyo Winga, kabla ya ligi kuanza andikeni muda wa kusubiri (dakika 30 zinatosha), nani anathibitisha kuwa timu haikufika, na kwamba mabao ya mezani ni 3-0, si zaidi.

Mambo mengine ya kwenu. Timu 10 kukutana mara mbili ni mechi 90, raundi 18. Mkiwa na uwanja mmoja, mechi tatu Jumamosi na mbili Jumapili, raundi moja kwa wiki, mnahitaji wiki 18 bila kuhesabu mvua. Mkianza Machi mtaingia kwenye mvua za masika hadi Mei, na huko Jinja ziwa linawaongezea. Wekeni wiki 3 au 4 za akiba. Malizeni mzunguko wa kwanza wote kabla ya kugusa wa pili, pamoja na mechi zilizoahirishwa. Mkiacha viporo, mtafika raundi ya 16 na jozi ambazo hazijakamilika, halafu hakuna anayejua anahitaji nini.

Chukueni karatasi ya manila, chora mraba wa safu 10 na nguzo 10. Wenyeji kushoto, wageni juu. Visanduku vya mshazari vinabaki tupu, vinabaki 90, kila kimoja mechi moja. Karatasi hiyo ikiwa ukutani, mtu yeyote anaweza kuhesabu mechi baina yao kwa kidole, bila kuuliza katibu. Fomu ya kila mechi isainiwe na manahodha wawili na refa siku hiyohiyo, na kadi ziandikwe humo, maana kadi za wiki ya pili hakuna atakayezikumbuka wiki ya 18.

Uwanja ni mmoja, kwa hiyo "nyumbani" kwenu ni jina tu. Hilo halina shida, bao la ugenini halihesabiwi. Siku ya mwisho ombeni uwanja wa shule jirani, mechi mbili zenye maslahi zianze saa ileile. Zile tatu zilizobaki zinaweza kuchezwa asubuhi.

Kifungu mnaweza kukiandika hivi:

"Timu mbili zikilingana pointi mwisho wa ligi, itakuwa juu yenye mabao mengi katika jumla ya mechi zao mbili. Zikilingana timu tatu au zaidi, zitapangwa kwa pointi, kisha kwa tofauti ya mabao, katika mechi zilizochezwa baina yao tu. Hatua yoyote ikiitenga timu, timu hiyo itaondolewa na zilizobaki zitaanza upya kulingana na idadi yao. Zisipotengana, zitafuata: tofauti ya mabao ya ligi nzima, mabao ya kufunga ya ligi nzima, alama chache za nidhamu, na mwisho mechi moja."

Winga wa Walukuba (Jinja)

Nimekinakili, kinakwenda kwenye kikao. Swali moja limebaki: timu ikijitoa kabla mzunguko wa pili haujaisha, matokeo yake yote tuyafute, au ya mzunguko wa kwanza yabaki?

Takwimu (Mbarara)

Yafuteni yote ikiwa haikumaliza mzunguko wa kwanza. Ikiwa iliumaliza na kila timu ilikutana nayo mara moja, acheni ya mzunguko wa kwanza, mfute ya mzunguko wa pili tu, ili kila timu ibaki na idadi sawa ya mechi. Na mwandike kwenye kifungu chake chenyewe, mbali na hiki cha kulingana pointi.